Sweta Yangu Ndani ya Kopo la Chai

Siku mliyoniaga pale kliniki mlinipa blanketi zito, chupa ya chai na hotuba tano, na katika zote tano niliitwa mama mvumilivu. Nilitazama sakafu ili nisicheke. Ninyi mnaoanza kazi hii mnastahili ukweli: mimi, Sista Peres, sikuzaliwa na uvumilivu hata chembe. Nilifundishwa kwa lazima, na aliyenifundisha zaidi ya wote hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mwonjaji chai aliyeamini kwamba mwili wake unanuka.

Mliniomba niandike habari za kazi. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na vilifika vimechoka. Nitawaandikia habari za huyo bwana, kwa sababu na ninyi mtampata wa kwenu, na mtafanya kosa nililolifanya mimi kabla hamjamaliza chai ya saa nne. Nitamwita Joel. Si jina lake. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa, akanipa kwa sharti moja, kwamba niseme chai ya kiwanda chao ndiyo tamu kuliko zote za Konoin. Basi nimesema.

Nianzie mbali kidogo. Nilizaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, katika shamba kubwa la chai huku Kericho. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, wakaja kuchuma majani na hawakurudi. Siku moja, nikiwa na miaka saba hivi, mama alinunua omena sokoni, vile visamaki vikavu vya ziwani, akaibeba ndani ya kikapu chake cha kuchumia. Kesho yake alikikung'uta kikapu, akakisuuza, akaenda kazini. Kwenye mizani karani aliinama, akanusa, akamwaga majani ya asubuhi nzima kando ya barabara. "Mama Peres," alimwambia, wala hakuwa na hasira, "chai inakunywa harufu kabla mtu hajainywa." Mama hakulisahau neno hilo, na alihakikisha sisi watoto hatulisahau. Lishikeni na ninyi, maana ndilo lililokuja kuniponza.

Kliniki ya akili niliingia kama wengi wetu tulivyoingia: nilitumwa. Mimi nilikuwa nimeomba wodi ya uzazi. Siku ya kwanza nilifika na sare niliyoipiga pasi hadi ingeweza kusimama bila mimi, nikakuta wanaume wawili wamekaa kwenye benchi la nje wanakunywa chai. Mmoja alikuwa Bwana Koech, tabibu mkuu wa kliniki. Mwingine alikuwa mgonjwa. Nilimsalimia mgonjwa kwa heshima zote za daktari, naye akanipa kazi yangu ya kwanza, niende nikahesabu ng'ombe wake walioko nyuma ya jengo. Nilikwenda. Nyuma ya jengo palikuwa na tangi la maji.

Nilirudi nikamwambia, tena kwa sauti, kwamba hana ng'ombe hata mmoja. Akapindua benchi, na chai ya Bwana Koech ikaenda nalo. Bwana Koech alisubiri hadi kila kitu kikatulia, ndipo akaniita kando. "Sista, mtu akiwa na kitu kama hiyo, usimkatalie," aliniambia. "Na usimkubalie. Wewe muulize analala aje." Hilo ndilo somo lote alilonipa mwaka ule wa kwanza, pamoja na ufunguo wa kabati la dawa uliofungwa kwa kamba ya kiatu, na tochi ndogo. Tochi ilikuwa ya kuangalia mdomoni. Alisema wengi wanaoletwa na ndugu zao wakiitwa wazimu wana jino bovu au malaria, na kwamba kichwa kina haki ya kulaumiwa mwisho.

Miaka mingi baadaye alistaafu, akarudi kwao Chebunyo kufuga mbuzi, akaniacha na kamba ya kiatu, tochi na namba ya simu. "Bika wewe mwenyewe," aliniambia, maana p na b kwake zilikuwa ndugu. "Ikiungua ndio unibigie." Nilijivuna sana siku hiyo. Nilidhani nimeshajua kupika.

Joel alikuja siku ya mvua, ambayo huku kwetu ni kusema tu kwamba alikuja. Mkewe, Mama Chebet, aliingia ofisini peke yake akakaa. Nikamwuliza mgonjwa yuko wapi, akanielekeza kwa kidevu dirishani. Nje, chini ya maji yaliyotiririka kutoka kwenye paa, alisimama mwanamume nadhifu aliyefunga vifungo vyote vya koti.

"Anasema hawezi kuingia mpaka ufungue dirisha zote," Mama Chebet alisema. "Hataki kukusumbua na harufu."

Nilifungua madirisha yote mawili. Aliingia, akasimama kidogo kuangalia upepo unatoka wapi, kisha akakaa pembeni kabisa, mahali ambapo hewa ingetoka kwake kwenda nje moja kwa moja. Alisalimia kwa adabu. Mimi nilipata mafua ya wiki mbili.

Alikuwa mmoja wa waonjaji katika kiwanda cha chai upande wa Mogogosiek. Kazi yenyewe ni hivi: kila asubuhi vikombe vyeupe hupangwa mezani, mwonjaji hupita na kijiko, huivuta chai mdomoni kwa mlio wa kitambaa kinachopasuliwa, huizungusha, huitema kwenye pipa, kisha husema neno moja na karani huliandika. Sasa fikirini wenyewe. Ndani ya chumba hicho watu hunusa kutwa nzima, kwa kuwa kunusa ndiyo kazi. Kwa miaka kumi na kitu Joel hakujali. Halafu siku moja mwenzake mgeni alivuta hewa puani, akaenda kufungua dirisha, na Joel akajiambia moyoni: ni mimi. Kuanzia siku hiyo kila pua iliyokunjwa ilimkunjia yeye. Marashi nayo hawaruhusiwi kujipaka, kwa sababu ile ile iliyomwaga majani ya mama yangu, kwa hiyo hakuwa na kitu hata cha kujifunikia.

Alikuwa anaoga mara saba kwa siku. Ngozi ya kwapani ilikuwa imepasuka kama tope lililokaukia barabarani. Alikula peke yake, alihamia kulala stoo pamoja na magunia ya mahindi, na kanisani alisikiliza mahubiri akiwa nje ya mlango.

"Mimi nimelala karibu na huyu mwanaume miaka ishirini na mbili," Mama Chebet aliniambia. "Namwambia hakuna kitu. Ananiambia ati nimezoea."

Lakini hilo silo lililowaleta. Chebet, binti yao wa kwanza, alikuwa anaposwa. Koito, ile siku ambayo ukoo wa kijana hufika nyumbani kwa msichana kuzungumza na wazee wake, ilipangwa Desemba, miezi mitano mbele. Siku hiyo baba hukaa ndani, bega kwa bega na wakwe, tangu asubuhi hadi jioni. Joel alikuwa amemwomba mdogo wake akae mahali pake. Chebet naye alikuwa amesema kwamba kama baba hatakaa, koito isifanyike.

"Wakwe wakininusa, hawatamheshimu msichana wangu," Joel alisema, akitazama viatu vyake. "Afadhali waseme baba yake ana kiburi."

Nilimpenda hapo hapo. Nimekutana na watu wengi waliokosea kwa ajili yao wenyewe, na wachache sana waliokosea kwa ajili ya mtoto.

Nilitoa tochi. Mdomo safi, meno mazima. Tulipima mkojo na damu, tukampeleka kwa daktari wa pua na koo na kwa daktari wa meno, tukamwuliza mambo ya kifafa, maana kuna kifafa kinachoanza na harufu isiyokuwepo. Msije mkaruka hatua hizi, hata mgonjwa wa kumi anayekuja na shida hiyo hiyo ana haki nazo. Kwa Joel hakukuwa na kitu. Daktari wa akili, aliyetutembelea mara moja kwa mwezi kutoka hospitali kubwa, alimsikiliza vizuri akamwandikia vidonge. Joel alivisukuma vile vidonge upande wangu wa meza kwa kidole kimoja.

"Mimi sina wazimu. Mimi nanuka," alisema. "Hii dawa itaniharibia ulimi, na ulimi ndio kazi yangu."

Basi nikafanya kile hasa ambacho Bwana Koech alinikataza. Nilisogea karibu, nikamnusa shingoni. "Joel, hunuki kitu," nikasema.

Alinitazama kwa upole mwingi. "Sista," akasema, "pua yako ilisomea wapi?"

Yeye alikuwa pua ya kiwanda kizima, mimi nilikuwa na mafua. Hapo ndipo neno la yule karani wa mizani liliponirudia, na nikajiona nina akili kuliko vitabu. Chai inakunywa harufu! Mtu huyu hawezi kuiamini pua yangu wala ya mkewe, lakini chai ataiamini. Nilimweleza mpango, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake yakichangamka. Alileta mwenyewe chai kavu, safi, ya siku moja. Mimi nilinunua makopo matatu ya bati yenye vifuniko vya kubana. Kopo la kwanza tulitia chai pamoja na shati alilolivaa kutwa nzima. La pili, chai na sweta yangu, ili tuwe na mtu wa kawaida wa kulinganisha naye. La tatu, chai na kitambaa kilichofuliwa na kuanikwa juani. Majina tuliyaandika chini ya makopo. Tukayaacha kabatini kwa siku tatu.

Siku ya nne nilichemsha maji. Mama Chebet alipika chai ya kila kopo mahali ambapo Joel hakuona, akapanga vikombe. Joel alitoa kijiko chake mfukoni, akanyooka, na nikaona jinsi alivyokuwa mtu mwingine kabisa akiwa kazini. Akavuta kikombe cha kwanza. "Safi," akasema. Akavuta cha pili. Aliitema chai ile kwenye ndoo kwa haraka, na machozi yakamlengalenga.

"Hii," alisema. "Hii ndio mimi."

Cha tatu kilikuwa safi. Mama Chebet aliligeuza kopo la kikombe cha pili, akasoma, akashika mdomo. Chini yake palikuwa pameandikwa "Sista".

Nyani haoni kundule. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimetoka kwa dada yangu kule ziwani na mfuko wa omena, na sweta ilisafiri ndani ya mfuko huo huo. Mimi nililelewa na omena, siinusi tena. Mama Chebet alicheka hadi akakaa chini, nami nikacheka, na Joel naye akatabasamu kwa heshima. Nilimwonyesha: kopo lako ni hili, na wewe mwenyewe umesema ni safi! Aliitikia kwa kichwa polepole, akashukuru, akaenda. Jioni hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikiimba. Nilijua nimemponya mtu kwa makopo matatu.

Siku nne baadaye askari wa getini aliniletea kifurushi. Ndani yake mlikuwa na sweta mpya kabisa, ya rangi ya majani ya chai, na barua fupi yenye mwandiko mzuri. "Sista, pole sana," ilisema. "Nimefikiria na nimeelewa. Harufu yangu iliingia sweta yako siku ile nilikaa kwa ofisi yako. Sikujua kama inaambukiza. Nimeomba likizo kazini. Sitakaribia watu tena."

Nililia, na mimi si mtu wa kulia kazini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu nililolivunja halikuwa langu. Mwanzoni Joel alidhani ananuka tu. Sasa, kwa msaada wangu, alikuwa na ushahidi kwamba anawanukisha na wengine, na koito ilikuwa miezi minne mbele.

Nilimpigia simu Bwana Koech. Nilimweleza yote, kopo kwa kopo, nikisikia mbuzi wake nyuma ya sauti. Nilichopata kwanza ni kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

"Sista Peres," alisema alipopata pumzi, "kikulacho ki nguoni mwako. Umeenda kushindana na mtu wa pua juu ya mambo ya pua?"

"Nimekosea, Mzee."

"Umekosea sana. Hata angeshindwa, angesema chai imezeeka. Hiyo kitu haing'olewi na ushahidi, ingekuwa inang'oka mke wake angeshaing'oa. Sasa niambie. Analala aje?"

Sikujua. Nilikuwa nimempima Joel kutoka unyayo hadi utosi, nimemnusa, nimemtilia shati lake kwenye bati, na sikuwa nimemwuliza analala vipi.

Kesho yake nilikwenda kwao. Nilimkuta nyuma ya stoo, upande wa upepo, anatengeneza mpini wa jembe usiokuwa na shida yoyote. Sikumwambia hanuki. Sikumwambia ananuka. Nilikaa kwenye gogo, nikiwa nimeivaa sweta yake, nikamwuliza usingizi ukoje.

Aliuweka mpini chini. Kisha akaniambia kwamba halali. Kichwa kinapitia nyuso zote za siku hiyo, nani alishika pua, nani alikohoa, nani alisogea, na kikifika mwisho kinaanza tena. Aliniambia amechoka. Aliniambia kwamba kuna siku alifikiria kwamba watu wangepumzika kama yeye hayupo. Nilimwuliza wazi kama ana mpango wa kujidhuru, kwa maneno hayo hayo, na ninyi muulize wazi. Akasema hapana, anataka kumwona Chebet akiolewa, hata kama ni kupitia dirishani. Tulikubaliana kwamba wazo hilo likimrudia atamwambia mkewe siku hiyo hiyo, na mimi atanipigia. Nilihakikisha Mama Chebet naye analijua hilo.

"Joel," nikamwambia, "dawa hii sikuletei kwa ajili ya harufu. Harufu tuiache kando, wewe una yako na mimi nina yangu. Nakuletea kwa ajili ya hicho kichwa kinachozunguka. Kikitulia, utalala."

"Na ulimi?"

"Ulimi uupime wewe. Uko na kijiko."

Hilo ndilo lililomshika. Alitaka daftari, kama lile la kazini. Tukachora safu mbili: Chai na Harufu. Kila asubuhi angeonja kikombe kimoja nyumbani, aandike ulimi unasemaje, kisha aandike kuhusu harufu. Nilimweleza pia dawa inaweza kumfanya nini, mazuri na mabaya, bila kuficha, kwa sababu mtu anayeweza kutambua jani la siku mbili hawezi kudanganywa kuhusu kidonge.

Na kidonge cha kwanza kilitusuta. Ilikuwa haloperidoli, dozi ndogo tu, lakini miguu yake haikutulia na mkono ukaanza kutetemeka. Alikuja kliniki na daftari. "Siku ya tano," lilisema. "Chai: nzuri. Kijiko: kinagonga kikombe. Harufu: ipo." Alikuwa na hasira, na nilishukuru kwamba aliileta hasira kwangu badala ya kuvitupa vidonge chooni. Daktari alimsikiliza, akambadilishia, akampa risperidoni kidogo ya jioni. Mkono ukatulia. Mimi huwaambia wagonjwa kwamba dawa ya kwanza ni kama kiatu cha kujaribia dukani. Kikikubana hukatai viatu vyote.

Halafu ikaja sehemu ambayo hakuna hotuba yoyote kati ya zile tano iliyoitaja, yaani kungoja. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili Mama Chebet alinipigia: "Sista, amelala mpaka jogoo imewika." Harufu: ipo. Wiki ya nne anaoga mara nne. Harufu: ipo. Nilikuwa nalisoma lile daftari kila alipokuja, na kila mara moyo wangu wa haraka ulitaka kumshika bega na kumwuliza, Je, sasa unaona? Nikaung'ata ulimi wangu. Wiki ya sita aliandika, "Ipo, lakini iko mbali." Wiki ya saba: "Ipo nikikumbuka."

Mwezi wa tatu alirudi kazini. Alisimama karibu na dirisha lililofunguliwa, kama kawaida yake, lakini alirudi.

Halafu siku moja mwanzoni mwa Desemba alinipa daftari, nikafungua. Safu ya Chai ilikuwa imejaa vizuri kabisa: "imeungua kidogo," "nzuri," "maji hayakuchemka, Mama Chebet ana haraka." Safu ya Harufu ilikuwa tupu. Siku sita, nafasi sita, hakuna neno. Nilimtazama. Alikuwa anaangalia mvua. Hakuwa ameiacha makusudi, alikuwa amesahau.

Enyi vijana, siku hiyo ndiyo niliyofanya kazi ngumu kuliko zote za maisha yangu. Nilitaka kuruka. Nilitaka kukimbia na daftari lile hadi getini nimwonyeshe askari. Lakini nilijua kwamba nikiigusa ile nafasi tupu ataiona, na akiiona atarudi kuitafuta harufu aijaze. Nililifunga daftari.

"Unalala aje, Joel?"

"Nalala, Sista. Nalala mpaka nakoroma. Mama Chebet amenirudisha ndani, sasa analia juu ya makoromo."

"Pole yake," nikasema, nikamhesabia vidonge vya mwezi unaofuata. Alipotoka nilimpigia Bwana Koech, na yeye hakucheka. Alisema tu, "Sasa unajua kupika," na siku hiyo, nadhani kwa furaha, p yake ilitoka safi.

Koito ilikuwa Jumamosi. Nilialikwa, nikaenda nimevaa ile sweta ya rangi ya majani ya chai, maana niliona ni heshima. Asubuhi kulikuwa na jua, na Joel alikuwa amefungua madirisha yote ya sebule mapema, kila moja hadi mwisho. Niliyaona na moyo wangu ukazama kidogo. Wakwe walifika, wakakaribishwa, wakajaza viti vyote. Joel alikaa kati ya mdogo wake na mzee mmoja wa upande wa kijana, bega kwa bega, na mikono yake ilikuwa imeshika magoti sana.

Mazungumzo yalikuwa yameshika kasi wakati mvua ilipoanza, na ubaridi wa huku kwetu mnaujua. Chebet alikuwa ameingia na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuganda ya kukaribishia wageni, anamimina. Ghafla yule mzee aliyeketi karibu na Joel alivuta hewa puani kwa nguvu. Akafinya pua kwa vidole viwili. Akageuka upande wa Joel.

Chebet alisimama na kibuyu hewani. Mama Chebet alinitafuta kwa macho kutoka mlangoni. Niliomba, kwa Kiswahili, kwa Kijaluo na kwa Kikipsigis changu kibovu, kwa mpigo mmoja.

Joel aliinuka. Alielekea upande wa mlango, na nikasema moyoni, basi, ameenda. Akaupita mlango. Akaenda kwenye dirisha lililokuwa nyuma ya mzee, akalivuta, akalifunga. Akafunga na la pili, na la tatu, akatia komeo. Kisha akarudi, akaketi mahali pake, akamwambia mzee kwa Kikipsigis, "Baridi yetu huanzia puani. Wewe kunywa maziwa, utapata joto." Mzee akapiga chafya moja kubwa, akashukuru, na mazungumzo yakaendelea pale yalipokuwa. Chebet alimimina mursik, nyingine ikimwagikia mkono wake, na hakuna aliyemkemea.

Msije mkasema nimewaambia hadithi ya muujiza. Joel bado anakunywa kidonge chake kila jioni. Mwaka mmoja alijaribu kuacha mwenyewe, na baada ya wiki chache mkewe akakuta madirisha yamefunguliwa tena. Tukarudi mwanzo, na safari hiyo haikuchukua muda mrefu kama ile ya kwanza. Kuna siku anaikumbuka harufu, anaisalimia kwa mbali, anaenda kazini.

Lakini ile Jumamosi, wakwe walipokuwa wanaaga, alikuja kuniaga na mimi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniinamia kama anayetaka kuniambia siri. Nilijiandaa kupokea shukrani, na nilikuwa tayari kulia. Akavuta hewa puani, polepole, kama anavyofanya juu ya kikombe.

"Sista," alisema, "hii sweta nilikununulia ikiwa safi. Saa hii inanuka omena."

Akafikiri kidogo.

"Na hiyo si yangu."